Pool Si Ubavu: Kufungua Meza na Kuimaliza

Nipo hapa hapa Leeds, Uingereza, baridi na mimi tumeshazoeana. Leo sitaandika habari za visa wala za mishahara. Leo nataka kuandika habari za pool. Naam, pool, ile ile ya mtaani!

Sababu ni mbili. Kwanza, mdogo wangu wa Tandika ameniandikia ujumbe mrefu. Anasema, "Kaka, kufungua nafungua vizuri, mipira inatawanyika meza nzima, natumbukiza mitano, sita, halafu nakwama, jamaa anakuja ananimaliza. Nifanyeje?" Pili, bi mkubwa amesikia kwa watu kwamba mwanawe huku ughaibuni kila Jumatatu usiku yuko baa anacheza pool, na amehuzunika. Kwake yeye pool ni mchezo wa wahuni wasio na kazi. Basi barua hii ni ya wote wawili, na ninyi wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Nianze na bi mkubwa, maana mama ni mama. Baa ya hapa si kama unavyoifikiria. Mtaa mzima unakutana humo, wazee kwa vijana, wengine wanakula, wengine wanasoma gazeti, na mimi nisiyetumia kilevi nakunywa juisi yangu ya machungwa na hakuna anayeniuliza. Kwenye meza ya pool kuna utaratibu mmoja ambao mgeni kama mimi lazima aupende. Ukitaka kucheza unaweka sarafu yako ukingoni mwa meza, unasubiri zamu. Zamu yako ikifika unacheza na mshindi wa gemu iliyopita, awe nani, awe anakujua au hakujui. Ukishinda, wewe ndiye unayebaki mezani na wengine wanakuja kwako mmoja mmoja. Ukishindwa unarudi kukaa, na kama kuna sarafu sita mbele yako, utakaa saa nzima.

Sasa fikirini mtu amekuja nchi ya watu, kazini anaongea maneno kumi kwa siku, nyumbani anaongea na ukuta. Anaweka sarafu yake mezani, na kwa sarafu ile tu ana haki ya kusimama na mtu, kumpa mkono, kucheza naye na kutaniana naye. Akijua kumaliza meza anabaki pale usiku mzima, na watu wanamfuata yeye. Asipojua, dakika tano zimekwisha, karudi kwenye kiti chake. Kwa hiyo mimi sikujifunza kumaliza meza kwa ajili ya sifa. Nilijifunza ili nisirudi kwenye kiti haraka. Hilo ndilo jibu la kwanza, mama.

Haya, sasa mdogo wangu sogea hapa, tuanze kazi.

Kwanza fahamu meza. Za baa za huku ni ndogo, futi 6 au 7 kwa urefu, na mipira yake ni ya rangi mbili, mekundu saba na ya njano saba, pamoja na mweusi mmoja. Kila mpira una upana wa inchi 2. Zile meza kubwa za Kimarekani ni futi 9, na mipira yake ya namba ina upana wa inchi 2 na robo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: kwenye meza nyingi za sarafu za hapa, mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine, inchi 1 na 7/8. Sababu yake ni mashine. Mweupe ukitumbukia, mashine inautambua kwa udogo wake na kuurudisha, ilhali mingine inabaki tumboni mpaka utie sarafu nyingine. Fanya hesabu utaona kwamba mpira huo ni mwepesi kuliko wenzake kwa karibu moja ya sita. Ndiyo maana ni rahisi kuurudisha nyuma na ni vigumu kuusukuma mbele baada ya kugonga. Kabla hujaweka pesa wala heshima yako kwenye meza usiyoijua, upime kwanza mweupe wake kwa jicho. Meza inaweza kufanana na ya kwenu, mweupe ukawa mwingine.

Sasa KUFUNGUA, yaani lile pigo la kwanza la kutawanya pembetatu. Vijana wetu wanapenda kelele. Mtu anarudi nyuma hatua mbili, anajitupa na mwili mzima, paaa! Mipira inaruka, mweupe unaishia sakafuni chini ya kiti cha mtu, na watu wanashangilia. Lakini sheria haihesabu kelele. Kwa sheria za kimataifa za mchezo wa Kimarekani wa mipira minane, kufungua ni halali ukitumbukiza mpira, au ukipeleka angalau mipira minne kwenye kingo. Hapo nguvu ya wastani inatosha, mradi umegonga sawasawa.

Fundi wangu wa huku ni mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, mwembamba kama fimbo yenyewe. Mzee huyu anafungua kama anayebisha hodi mlangoni, na mipira inakwenda kila upande. Nilimtazama majuma mengi kabla sijamwuliza, na akanionyesha mambo manne.

La kwanza, anaipanga pembetatu mwenyewe kwa vidole mpaka mipira yote igusane. Kama kuna mwanya, hata wa unene wa karatasi, nguvu inapotelea humo na mipira ya nyuma haisogei. Mtu akikupangia ovyo, mwombe apange tena, si ugomvi huo.

La pili, anagonga mpira wa mbele katikati kabisa. Ukiukosa kidogo tu kushoto au kulia, nguvu inakwenda pembeni na mweupe unakwenda unakotaka wenyewe, mara nyingi shimoni.

La tatu, mweupe wenyewe anaugonga katikati au chini kidogo tu ya katikati, ili ukishagonga pembetatu urudi hatua chache na kutulia kati ya meza. Hili ndilo kubwa kuliko yote, mdogo wangu. Ukifungua, ukatumbukiza mpira, mweupe ukabaki kati ya meza, una mashimo sita ya kuchagua. Mweupe ukiganda ukingoni, una moja au huna kabisa.

La nne, mkono wa nyuma unaishika fimbo kwa ulaini, kama umeshika ndege ambaye hutaki afe wala aruke. Ukikaza ngumi, fimbo inapinda njia mwishoni.

Ukitaka ushahidi kwamba ubavu si kitu, sikia hii. Mwaka 2001 kwenye mashindano ya US Open ya mipira tisa huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Corey Deuel alikuwa anafungua taratibu, wakati wenzake wote wanapiga kwa nguvu zao zote. Alikuwa amegundua kwamba pembetatu ikipangwa vizuri na kugongwa taratibu, mpira fulani unakwenda shimoni karibu kila mara na mingine inakaa palepale anapoitaka. Fainali alimfunga Mika Immonen wa Finland 11 kwa 0. Kumi na moja kwa bila! Watayarishaji wa mashindano waliona mambo yanakuwa mepesi mno, na baadaye baadhi yao wakaweka masharti ya kuzuia ufunguaji wa namna ile.

Zoezi: fungua mara ishirini bila kuendelea na gemu. Usihesabu mipira iliyotumbukia. Hesabu mara ngapi mweupe umebaki kati ya meza. Ukifika kumi na nne kati ya ishirini, ongeza nguvu kidogo. Ukishuka chini ya kumi, punguza.

Na usisahau chaki kabla ya kila pigo. Chaki ya pool si ile ya mwalimu. Hii ya leo ilitokana na uvumbuzi wa Mmarekani William Spinks na mwenzake uliosajiliwa mwaka 1897, imetengenezwa kwa mchanga laini wa silika na madini mengine magumu, kazi yake ni kuifanya ngozi ya ncha ya fimbo ing'ang'anie mpira isiteleze. Ya ubaoni ni unga tu, itakuchafua mikono.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wako wenyewe: KUMALIZA. Unasema unatumbukiza mitano, sita, halafu unakwama. Mdogo wangu, huo si ugonjwa wa mkono, mkono wako mzuri. Ni wa mpango. Kwenye mchezo huu, mtu aliyetumbukiza sita akakwama yuko hali mbaya kuliko aliyekuwa hajatumbukiza hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu ile sita yako ndiyo iliyokuwa inamzibia mwenzako njia. Umemfagilia uwanja kwa mikono yako, sasa anapita bila kizuizi, na wewe umebaki na mpira mmoja ambao huwezi kuuficha popote.

Kwa hiyo mpango unaanzia mwisho. Kabla ya pigo la kwanza, utazame mweusi. Uulize: huu utaingia shimo gani? Ili uingie shimo hilo, mweupe unatakiwa ukae wapi? Na ili mweupe ufike hapo, mpira wangu wa mwisho uwe upi? Ukiupata huo, uache, usiuguse mpaka wakati wake. Halafu tafuta mpira wenye matatizo, uliobanwa na mwingine au ulioganda ukingoni. Huo ushughulikie mapema, wakati bado una mipira mingine ya kukuokoa. Vijana wengi wanaanza na rahisi na kuacha mgumu mwisho. Ule mgumu utakungoja tu, na utaukuta peke yake.

Na kama mpira mgumu hauna dawa kwa sasa, usianze safari. Pool si lazima utumbukize kila zamu. Uguse wako taratibu, mweupe uufiche nyuma ya mpira mwingine, mwenzako atafute njia. Huo si woga.

Baada ya mpango ni kujua mweupe unakwenda wapi. Hapa pana hesabu moja tu ya kushika. Mweupe ukifika kwenye mpira ukiwa unateleza bila kuzunguka, baada ya kugonga, njia ya mweupe na njia ya mpira ule zinaachana kwa pembe mraba, nyuzi 90. Ukifika ukiwa unazunguka mbele kwa kawaida yake, unasogea mbele zaidi ya hapo: kwa mapigo mengi ya pembe ya kawaida, unakengeuka karibu nyuzi 30 tu kutoka njia uliyokuwa nayo. Ukiugonga chini ukafika unazunguka nyuma, unarudi. Basi! Hayo matatu yanakutosha mwaka mzima. Mambo ya kugonga kushoto na kulia ili mpira upinde yaache kwanza, yanaharibu shabaha ya wengi. Na kwa ule mweupe mdogo wa baa, ongeza akilini kurudi nyuma kidogo.

Kuna Mfilipino aitwaye Efren Reyes, nadhani jamaa wa Fujairah mnamkumbuka, maana ubingwa wa dunia wa mipira minane aliutwaa huko kwenu mwaka 2004. Ubingwa wa dunia wa mipira tisa aliuchukua mwaka 1999 huko Cardiff, Wales. Alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake mjini Manila, na wenzake walimpachika jina la Mchawi. Tafuta video zake uzitazame, lakini usitazame mpira unaoingia shimoni. Tazama mweupe unakosimama. Utaona jambo la ajabu: mapigo yake mengi ni rahisi! Ni rahisi kwa sababu pigo lililotangulia liliuweka mweupe mahali pa urahisi. Hivyo hivyo Willie Mosconi wa Marekani, mwaka 1954 mjini Springfield, Ohio, alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Rekodi hiyo haikupitwa mpaka mwaka 2019, John Schmidt alipofikisha 626. Huwezi kufika 526 kwa kupiga mapigo magumu. Unafika kwa kuyakwepa.

Zoezi la kumaliza ni hili, nililipewa na yule mzee, na bado nalifanya. Weka mweusi popote, na mpira mmoja wako popote. Chukua mweupe kwa mkono, uweke unapotaka, tumbukiza wako kisha mweusi. Ukifaulu mara tano mfululizo, weka miwili na mweusi. Halafu mitatu. Ukikosa, unarudi kwenye mmoja. Kabla ya kila pigo taja kwa mdomo mweupe utasimama wapi, na gusa mahali hapo kwa kidole. Mara ya kwanza utajiona mwendawazimu unaongea peke yako. Vumilia. Mimi kufika mipira minne kulinichukua miezi mitatu ya asubuhi za Jumamosi, wakati baa bado tupu na mwenye baa anafuta vioo.

Nikupe mfano wa kweli uone mpango unavyofanya kazi. Mwezi Machi timu yetu ya ligi ya mtaa ilikuwa ugenini, gemu tano kwa tano, imebaki moja. Tukifungwa tunashuka daraja, na wengine walishasema tukishuka wataacha, timu inavunjika. Gemu ya mwisho ilikuwa yangu. Jamaa alifungua, akatumbukiza mmoja wa njano, pigo lililofuata akakosa. Mimi nina mekundu saba. Sita iko wazi kama imewekwa mezani kwa chai. Wa saba umeganda ukingoni, umebanwa na wa njano.

Nyuma yangu nasikia wenzangu wakinong'ona nianze. Mimi nikautazama ule wa saba, nikaona hauna njia. Nikaugusa mwekundu mmoja taratibu ukaenda ukingoni, mweupe ukajificha nyuma ya mweusi. Baa nzima kimya. Jamaa alizunguka meza mara mbili, akapiga kwa kugongesha ukingoni, akakosa kila kitu. Faulo. Kwa sheria tunazochezea, nikapata zamu mbili. Ya kwanza niliitumia kuufungua ule uliobanwa, sikutumbukiza kitu. Ya pili nikaanza safari, wa saba ule ule nikautumbukiza wa pili kwa mpangilio, nikaacha mmoja karibu na shimo la kati kwa ajili ya mweusi, kama nilivyokueleza. Saba, na mweusi.

Kelele zilipopungua, nahodha wetu, dereva wa basi asiyekuwa na maneno mengi, alinishika bega akasema, "Jumatatu usichelewe." Basi, hakusema zaidi. Bi mkubwa, mimi nimekaa nchi hii miaka mingi, na nimepewa barua nyingi zenye mihuri za kuniruhusu kukaa. Lakini kwamba kuna mahali watu wananingoja na wataona kama sipo, hilo hakuna ofisi inayoweza kuliandika. Mimi nimelipata kwenye meza ya pool.

Neno la mwisho kwa mdogo wangu, na hili ni la kaka kwa mdogo. Najua huko mnacheza kwa pesa, na najua ukianza kumaliza meza watakufuata watu wa kukuwekea dau. Kujua mchezo na kujua kamari ni vitu viwili. Mweupe unautawala wewe, dau linamtawala mtu. Cheza ligi, cheza mashindano yenye kombe na zawadi zinazojulikana, lakini pesa ya kodi ya nyumba isiguse ukingo wa meza. Ukitaka kufanya mazoezi, nenda asubuhi kabla ya watu kujaa, mwombe mwenye meza bei ya saa, wengi wanakubali kwa kuwa wakati huo meza imelala tu.

Fanya zile mara ishirini za kufungua wiki hii, uniandikie mweupe umebaki kati mara ngapi. Usinidanganye, nitakujua! Shangazi, madawa uliyoagiza yanakuja na jamaa anayesafiri mwisho wa mwezi. Msalimieni babu, mwambieni goti langu limepona.

Tuonane panapo majaliwa.

Ni mimi ndugu yenu,
Leeds